Somo la Desemba: Mapambo ya mti wa Krismasi kwa uzi wa pamba

Wapendwa, Desemba ikiingia matawi ya saipresi huanza kupangwa kando ya barabara yakingoja wanunuzi, na madukani plastiki inayong'aa inaning'inia hadi mlangoni. Kwangu hapa Jinja mti tunaupamba kwa uzi. Leo nawapa mapambo mawili ya makrame, yaani kazi ya mafundo ya vidole, bila sindano wala cherehani: mti mdogo na malaika.

Uzi kwanza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoharibikiwa. Tafuta uzi wa pamba tupu, unene wa milimita 3, ule laini usiosokotwa sana. Ukiwa dukani, fumua ncha kwa ukucha. Ikitawanyika ikawa kama pamba ya kidonda, lipa uondoke nao. Ikibaki ngumu na yenye mng'ao, hiyo ni manila. Manila ni nzuri kwa kufungia mbuzi na kuanikia nguo, ila haichaniki, na pambo la leo uzuri wake wote uko kwenye kuchana.

Ukikosa uzi huo mjini kwenu, nunua kichwa kipya cha mopu ya pamba, ile ya kudekia sakafu, ukifumue. Kamba zake zimesokotwa kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo utachana kwa muda mrefu zaidi, lakini ni pamba kweli. Watoto wa Jumapili niliwafundisha kwa kamba hizo hizo na mti wao ulipendeza sana.

Vingine ni mkasi mkali, rula, kitana cha meno ya karibu, gundi nyeupe na uzi mwembamba wa kutundikia.

Mti mdogo

Tafuta kijiti kikavu cha sentimita 12, chembamba kuliko penseli. Kata nyuzi 16, kila mmoja sentimita 18. Juu ya kijiti funga kwanza uzi mwembamba wa kutundikia, usije ukausahau.

Kunja uzi wa kwanza katikati upate kitanzi. Ulaze nyuma ya kijiti, kitanzi kichungulie kushoto, ncha mbili zibaki kulia. Sasa zirudishe ncha hizo kwa mbele, zipite juu ya kijiti, ziingie ndani ya kitanzi, uvute. Ncha zitaelekea kushoto. Uzi wa pili fanya kinyume chake: kitanzi kulia, ncha zimalizikie kulia. Endelea hivyo, kushoto, kulia, na kila fundo lisukume likumbatiane na lililotangulia. Chini acha sentimita mbili tupu. Hilo ndilo shina. Tone la gundi nyuma ya fundo la kwanza na la mwisho linatosha.

Kisha laza kazi mezani uchane. Anza nchani ukirudi ndani polepole, kama unavyochana nywele za mtoto aliyelala bila kusukwa. Ukianzia ndani utang'oa nyuzi na mti utatoka na upara. Zikishakuwa laini, kata umbo la pembetatu, juu pembamba, chini papana. Usimalize kwa mkato mmoja. Kata kidogo, chana tena, kata tena. Mimi hukunja karatasi pembetatu nikaiweka juu kama kiolezo, maana jicho hudanganya.

Malaika

Kichwa ni ushanga mmoja mkubwa. Wa mti unafaa, lakini mimi napenda zile shanga za karatasi ambazo kina mama wa Acholi Quarter, pale Banda Kampala, wamezifanya zijulikane mbali: vipande virefu vya karatasi ya magazeti au mabango, vinaviringishwa, vinagandishwa kwa gundi, vinapakwa vanishi. Wengi wao walifika mjini wakikimbia vita vya kaskazini. Tundu lake ni dogo, na hilo halitusumbui.

Kata nyuzi 6 za sentimita 24. Zikusanye, zifunge katikati kwa uzi mwembamba, halafu ncha zote mbili za uzi huo mwembamba zipandishe ndani ya ushanga. Hizo ndizo za kutundikia. Zile 6 zikikunjika zitakuwa ncha 12 chini ya kichwa. Gawa 6 mbele, 6 nyuma, na katikati yake laza kwa upana nyuzi 4 za sentimita 12: mabawa. Zungusha uzi chini ya mabawa mara tano, ukaze, ufunge. Chana gauni, chana mabawa, nyoosha kwa mkasi.

Jambo moja nawasihi: pamba iliyochanwa hushika moto haraka mno. Umeme ukikatika, mshumaa ukae mbali kabisa na mti.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Tororo: Mwalimu, matawi ya mti wangu yanalegea yakishatundikwa. Nimekosea fundo?*

Hapana mama, fundo lako ni zima. Koroga kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika kikombe cha maji baridi, chemsha hadi uji uwe mwepesi na kung'aa, uchuje. Paka kwa brashi upande wa nyuma, acha ukauke ukiwa umelazwa. Tena kata matawi mafupi zaidi. Sentimita sita kila upande hayalegei.

*Dada wa Arua: Nataka rangi bila kununua dawa ya rangi.*

Chai ya rangi iliyokolea, dada, loweka uzi usiku kucha kabla ya kukata. Unatoka hudhurungi nzuri. Manjano ya jikoni inang'aa siku ya kwanza, lakini jua huifuta upesi, kwa hiyo usiweke pambo dirishani.

*Kijana wa Mukono: Naweza kutumia lubugo kwa mabawa? Nyanya yangu amekataa, anasema ni nguo ya msiba.*

Nyanya yako ana haki ya kusema hivyo. Lubugo, nguo ya gome la mutuba, huvaliwa katika kutawazwa na sherehe nyingine za Buganda, na ndiyo wanayofungiwa marehemu pia. UNESCO iliiingiza katika orodha ya turathi mwaka 2008, na ufundi wake unastahili heshima hiyo. Kwangu inapendeza juu ya mti. Lakini kama nyanya anakaa nyumba hiyo na atautazama mti huo Krismasi nzima akikumbuka mazishi, tumia pamba.

*Mama wa Busia: Nayatunzaje hadi mwakani?*

Mvua za mwisho wa mwaka huacha unyevu kwenye pamba. Yaanike juani siku moja, yalaze bapa katikati ya karatasi, yaweke kwenye boksi la kadibodi badala ya mfuko wa plastiki, usije ukakuta ukungu. Ukipaka uji wa muhogo, ongeza karafuu punje chache ndani ya boksi, mende wanaupenda sana uji huo.