Kuchanganya Viambato vya Ngozi kwa Usalama Chini ya Jua la Lamu

Bibi arusi mmoja wa ukoo wetu, mkazi wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, alianza kuitengeneza ngozi yake mwezi mmoja kabla ya arusi. Asubuhi alipaka asidi ya glikoliki, usiku akapaka retinoli, na wiki ya mwisho somo wake, yaani kungwi wake, akamsugua uso kwa singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia ngozi, kama ilivyo ada yetu. Kufikia siku ya kupambwa, mashavu yalikuwa yamechubuka na yakimchoma hata kwa maji matupu, na palipochubuka pakageuka mabaka meusi yaliyokaa usoni miezi mingi baada ya fungate. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kilichokuwa sumu. Kila kimoja, kikipewa nafasi yake, kingeweza kumfaa; kilichomwumiza ni kuvikusanya vyote juu ya ngozi moja kwa wakati mmoja, tena katika mji wenye jua kali kama letu.

Viambato amilifu ni vile vitu vichache ndani ya chupa vinavyoibadilisha ngozi hasa, tofauti na maji, mafuta na manukato yanayovibeba. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, jambo la kuelewa kabla ya mengine yote ni kwamba seli zinazotengeneza rangi hushtuka kwa kila jeraha, liwe la chunusi, la kukwaruzwa au la dawa kali, zikamwaga rangi nyingi zaidi pale palipoumia. Ndiyo maana mtu anayekimbilia dawa tatu ili aondoe madoa upesi mara nyingi huishia na madoa mengi kuliko aliyoanza nayo. Basi kipimo cha utaratibu mzuri si wingi wa chupa zilizopangwa, bali ni kama ngozi imetulia: haiwashi, haichomi, haibambuki.

Kwa sababu hiyo, usianze na kiambato chochote amilifu mpaka umekaa wiki mbili au tatu na mambo matatu tu: sabuni laini ya uso, krimu ya kulainisha ngozi, na losheni ya kujikinga na jua. Losheni hiyo ndiyo nguzo. Lamu iko takriban nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, na jua la mchana hukaribia utosi mwaka mzima, hata siku ya mawingu. Chagua yenye SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 30 au zaidi, inayozuia aina zote mbili za miale ya jua inayodhuru ngozi, UVA na UVB. Kiasi cha kutosha uso na shingo ni mistari miwili iliyokamuliwa kwa urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Watu wengi hupaka nusu ya hapo, kisha wakailaumu losheni. Mwenye melasma, yaani mabaka mapana ya kahawia usoni, atafute ile yenye rangi, iliyotiwa oksaidi ya chuma, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huyachochea mabaka hayo, na losheni nyeupe za kawaida hazizuii mwanga huo ipasavyo. Anayevaa nikabu asisahau paji la uso na eneo lote la macho.

Hapa pana jambo ambalo miongozo mingi ya ngozi hailitaji, nalo ni udhu. Uso unaooshwa mara tano kwa siku hauwezi kushika kinga iliyopakwa asubuhi, lakini nyakati zetu za swala zinatupa saa nzuri ya kufuata. Ukishaswali adhuhuri, kausha uso na upake losheni upya. Ukishaswali alasiri na bado una safari ya juani, paka tena. Akaaye juani mfululizo, kama mvuvi au muuza samaki, arudie kila baada ya saa mbili. Sabuni ya uso itumike mara moja au mbili tu kwa siku, na udhu mwingine uwe wa maji matupu, hasa kwa wenye nyumba zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo huikausha ngozi hata bila msaada wa dawa.

Ngozi ikishatulia, chagua kiambato kimoja kulingana na shida yako kubwa. Wenye chunusi na vinyweleo vilivyoziba hufaidika na asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2, ambayo huyeyuka katika mafuta na hivyo kuingia ndani ya kinyweleo. Asidi ya glikoliki na ya laktiki hulegeza seli zilizokufa juu ya ngozi, na kwa matumizi ya nyumbani haina haja kupita asilimia 10. Benzoili peroksaidi huua bakteria wa chunusi, asilimia 2.5 inatosha kwa wengi na huudhi ngozi kidogo kuliko ile ya 10, ila ujue kwamba huchujua rangi ya nguo, kwa hiyo iweke mbali na leso na foronya unazozipenda. Retinoli na ndugu zake wenye nguvu zaidi, yaani adapaleni na tretinoini, huharakisha ngozi kujifanya upya na hufaa kwa chunusi, madoa na mikunjo. Vitamini C husaidia kung'arisha madoa na kupunguza madhara ya jua. Niasinamaidi na asidi ya azelaiki ndivyo vipole kuliko vyote, na mtu akiniuliza aanzie wapi, kwa ngozi yetu na kwa jua letu, humwelekeza kwenye hivi viwili kabla ya vingine.

Sasa tuje kwenye kuchanganya. Retinoli isikutane na asidi ya glikoliki, ya laktiki wala ya salisiliki usiku mmoja, kwa sababu zote huichokoza ngozi kwa njia tofauti na maumivu yake hujumlishana. Tretinoini isipakwe pamoja na benzoili peroksaidi, kwani nyingi za tretinoini huharibiwa nayo zikapoteza nguvu. Adapaleni ni imara zaidi, na hata zipo dawa za chunusi zinazoviweka viwili hivyo katika tyubu moja. Vitamini C nayo huharibiwa na benzoili peroksaidi, hivyo mmoja awe wa asubuhi na mwingine wa usiku. Kuhusu vitamini C na niasinamaidi, yale maonyo kwamba havipatani hayana msingi kwa bidhaa za sasa, na unaweza kuvipaka asubuhi moja bila hofu. Niasinamaidi hukaa vizuri hata na retinoli, tena husaidia kupunguza ukali wake.

Ukifika kwenye retinoli, ipake usiku baada ya kuswali isha, wakati hakuna udhu mwingine mbele yako mpaka alfajiri. Subiri uso ukauke kabisa, kama dakika ishirini, kisha chukua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, ukiepuka pembe za macho, za pua na za mdomo. Wenye ngozi nyepesi kuudhika wapake krimu ya kulainisha kwanza, retinoli juu yake, halafu krimu tena. Wiki mbili za mwanzo tumia usiku mbili tu kwa wiki, usiku zilizobaki paka krimu peke yake. Ikiwa hakuna mwasho, ongeza usiku mmoja, ungoje tena wiki mbili. Mwenye kutaka asidi pia aitengee usiku wake, mmoja kwa wiki, usiofuatana na ule wa retinoli. Kila bidhaa mpya ijaribiwe kwanza nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono kwa siku mbili, na isiongezwe nyingine kabla ya wiki nne, ili likitokea la kutokea ujue ni nani aliyeleta.

Singo na liwa, ule msandali wa kupaka, ni urithi wetu, na sina nia ya kumwambia mtu aviache. Lakini singo ni ya kusugua, na ngozi iliyo katika retinoli au asidi imekuwa nyembamba juu; basi anayejiandaa kwa arusi aziache dawa hizo angalau wiki moja kabla ya kusuguliwa, na singo iishie mwilini ikiwa uso bado una wekundu. Ndivyo ilivyo kwa kutinda nyusi na kutoa nywele za uso kwa sukari, maana ngozi yenye retinoli huweza kubanduka pamoja na nywele. Ndimu ndiyo ninayoikataza moja kwa moja. Ina uchachu mkali kuliko asidi nyingi za dukani, na ina kemikali ambazo zikikutana na jua huiunguza ngozi, zikaacha malengelenge na alama za kahawia.

Joto letu pia huharibu dawa chupani. Vitamini C ikishageuka rangi ya kahawia, imekwisha kazi. Usiiache dirishani wala bafuni. Kama huna friji, kidaka cha chumba cha ndani, katika zile nyumba za kuta nene za mawe, ni mahali pazuri. Miezi ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, jua na jasho vikizidi, punguza usiku za asidi badala ya kuziongeza.

Mkorogo wa kujichubua haumo katika mpango huu hata kidogo. Nyingi ya krimu hizo zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali zisizoandikwa kwenye kopo, na kuzipaka chini ya dawa nyingine ni kuongeza madhara. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta weusi wa buluu usiotoka. Mjamzito, na anayetarajia kushika mimba, aache retinoli na ndugu zake wote. Asidi ya azelaiki na niasinamaidi humtosha.

Ngozi ikianza kuchoma, kubambuka au kuwa nyekundu, acha viambato vyote amilifu, urudi kwenye sabuni laini, krimu na losheni ya jua mpaka itulie kabisa, kisha uanze upya na kimoja tu, kwa usiku chache kuliko mwanzo. Uso ukivimba, ukitoa malengelenge au usipopoa baada ya wiki mbili, nenda kwa daktari, na umpelekee chupa na makopo yote unayotumia, pamoja na yale unayoona haya kuyataja.