Namna ya Kumrudi Mtoto Huku Akijua Kuwa Anapendwa

Wazazi wengi huanza kufikiria nidhamu pale ambapo mtoto ameshakosea: kikombe kimevunjika, daftari la hesabu ni tupu, au mwalimu ameagiza mzazi afike shuleni. Kufikia hapo hasira imekwisha kupanda, majirani wanasikiliza, na kitu cha kwanza kinachofika mkononi ni kandambili au mwiko. Mwongozo huu unashikilia jambo moja, kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kumrudi mtoto hufanyika katika saa ambazo hajakosea, kwa sababu maneno ya mzazi humwingia mtoto kwa kadiri anavyoamini kuwa anayeyasema anampenda.

Muda ulio wa mtoto mwenyewe

Mtoto mdogo hajui kwamba ada ya shule, sare na chakula cha jioni ni upendo; hilo atalielewa akishakuwa na watoto wake. Akiwa na miaka mitano anautambua upendo kwa macho yanayomtazama, mikono inayompakata na masikio yanayomsikiliza. Mpangie basi robo saa iliyo yake kila siku, simu ikiwa mbali na runinga ikiwa imezimwa, naye achague mtakachofanya, iwe ni kuchora ardhini kwa kijiti, kuchambua mchele pamoja nawe, au kukuonyesha gari alilolitengeneza kwa makopo na vifuniko vya chupa. Katika muda huo usifundishe, usisahihishe wala usihoji, taja tu unachokiona, kwa mfano, "Naona umeanza na magurudumu." Mzazi anayeondoka alfajiri na kurudi watoto wamelala atumie safari ya sokoni ya Jumamosi au njia ya kwenda msikitini au kanisani, lakini asiahidi asichoweza kutimiza, kwa kuwa dakika kumi zisizokosekana zina thamani kwa mtoto kuliko siku nzima iliyoahidiwa ikaahirishwa.

Salamu nayo ni nafasi ambayo tunaipoteza kila siku. Mtoto anaporudi kutoka shule na kusema shikamoo, mara nyingi huitikiwa "marahaba" na mtu ambaye macho yake yapo kwenye sufuria. Acha kidogo unachokifanya, mtazame, mwite kwa jina, mshike bega, kisha muulize swali ambalo hawezi kulijibu kwa neno "nzuri" peke yake: "Leo wakati wa mapumziko mlicheza nini?" Kina baba wasijitoe katika hili. Mtoto wa kiume wa miaka tisa bado anahitaji kukumbatiwa na baba yake, na hakuna uanaume unaopungua kwa kufanya hivyo.

Sifa na amri

Ukimwambia mtoto kuwa ni mtoto mzuri, anafurahi lakini hajui arudie nini. Mwambie, "Umepanga viatu mlangoni bila kutumwa, umenisaidia sana," naye kesho atavipanga tena. Amri pia ziwe moja moja, zitolewe ukiwa karibu naye, na zieleze la kufanya badala ya lile la kuacha: "Shika kikombe kwa mikono miwili" inafuatika kwa urahisi kuliko "Usimwage!" iliyopigiwa kelele kutoka jikoni. Kabla ya kumwondoa kwenye katuni au mchezo, mpe taarifa mapema kwamba zimebaki dakika tano ndipo akaoge. Sheria za nyumbani ziwe chache, zile ambazo kila mtu, hata dada wa kazi, anaweza kuzitaja bila kusitasita.

Mtoto anapokosea

Tuchukue kisa kinachofahamika katika nyumba nyingi. Umemtuma mtoto wa miaka minane dukani kununua unga na sukari. Anarudi na chenji pungufu kwa shilingi 500, na midomo yake ni myekundu kwa rangi ya ubuyu. Swali linalotutoka haraka ni, "Hela nyingine iko wapi?" Swali hilo ni mtego, maana jibu tunalijua tayari, na mtoto anayejua kwamba atachapwa akisema kweli, na atachapwa vilevile akisema uongo ukagundulika, atajaribu uongo kwa kuwa huo angalau una nafasi ya kumwokoa. Hivyo ndivyo tunavyowafundisha watoto kudanganya bila kukusudia.

Badala yake, kaa chini ili macho yenu yalingane, useme unachokijua kwa sauti ya kawaida: "Chenji imepungua shilingi 500, na naona umekula ubuyu. Nieleze ilivyokuwa." Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mgumu kwa mzazi, lakini usiujaze kwa hotuba. Akisema kweli, mshukuru kwa kusema kweli, halafu umweleze kwamba deni bado lipo na litalipwa, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya kununulia mboga ya watu wote. Muulize yeye mwenyewe atalipaje. Wapo watakaopendekeza adhabu kubwa kuliko kosa, nawe utaipunguza. Wengine watajaribu kukwepa, nawe utawapa njia mbili wachague: kuosha vyombo vya jioni kwa siku tatu, au kutoa katika fedha yake ya matumizi ya shule mpaka ikamilike.

Sehemu inayosahauliwa ni ile ya siku inayofuata. Mtume tena dukani. Mzazi anayeacha kumtuma na kuanza kumwita mwizi mbele ya wageni anamfungia mtoto katika kosa lake, na mtoto aliyepewa jina hulizoea. Akirudi na chenji kamili, ihesabuni pamoja, mwambie ahsante, na habari ya shilingi 500 isitajwe tena.

Kisa hiki kinabeba karibu kila kinachohitajika katika adhabu inayofaa: imehusiana na kosa, imekuja mapema, ina mwisho unaojulikana, na inampa mtoto nafasi ya kurekebisha. Aliyemwaga maji ayapanguse, aliyerarua kitabu cha mdogo wake akigundishe, aliyechelewa kurudi kutoka kucheza arudi mapema kesho yake. Chakula, usingizi na kwenda shule visitumike kamwe kuwa adhabu.

Kwa mtoto wa miaka miwili maelezo marefu hayasaidii. Anayesogelea jiko la mkaa huondolewa mara moja, huambiwa "moto unaunguza," na hupewa kitu kingine cha kushika. Kisha jiko linawekwa pasipofikika. Mtoto wa umri huo anayejitupa chini dukani kwa ajili ya pipi hajakutukana. Hasira yake ni kubwa kuliko uwezo wake wa kuituliza. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na wengi huitumia methali hiyo kuhalalisha kiboko, ingawa inachoonya ni kuogopa kilio cha mtoto. Umekwisha kukataa pipi. Mwache alie, kaa karibu naye asijiumize, na usibadili jibu. Akitulia, mkumbatie. Mara nyingi pia chanzo ni uchovu au njaa: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, nasi tunawakuta wengi wakiwa macho saa nne usiku mbele ya runinga.

Kuhusu kiboko

Nasema wazi kwamba kiboko hakihitajiki. Mwaka 2016 watafiti Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, wakaona kwamba kadiri watoto walivyochapwa ndivyo walivyoelekea kuwa wakaidi na wagomvi zaidi, na uhusiano wao na wazazi ulizidi kuwa dhaifu. Mtoto aliyechapwa huacha kosa kwa muda, tena mbele ya mchapaji tu. Sheria nazo zinasema: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 29, inampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa kupigwa, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha, pamoja na adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto.

Vitisho huumiza kwa njia nyingine. "Nitamwita daktari akuchome sindano" humfanya mtoto aogope hospitali siku atakayoihitaji. "Nitakuacha hapa hapa" kituoni humfanya atilie shaka jambo ambalo hapaswi kulitilia shaka hata mara moja. Kumlinganisha na mtoto wa jirani anayeshika nafasi ya kwanza darasani humfundisha kumchukia mtoto wa jirani.

Mzazi naye huchoka, na hasira haizuiliki kwa nia njema peke yake. Ukiona mkono unataka kuinuka, mwambie mtoto, "Sasa hivi nimekasirika, tutazungumza nikimaliza kupika," kisha utoke nje, unawe uso, unywe maji. Kosa halitaharibika kwa kusubiri nusu saa, isipokuwa kwa mtoto mdogo sana ambaye atakuwa amelisahau, na huyo hakuhitaji kuadhibiwa tangu mwanzo. Ukimkaripia kwa jambo ambalo hakulifanya, muombe radhi kwa maneno kamili. Heshima yako haishuki. Mtoto anajifunza kuomba radhi kwa kuisikia ikiombwa.

Watu wazima wa nyumba moja wakubaliane. Bibi anayempa mjukuu biskuti baada ya mama kukataa anatenda kwa mapenzi, hivyo azungumzwe naye kwa adabu, mtoto akiwa hayupo, aelezwe sababu na kupewa nafasi yake ya kumdekeza, kama vile hadithi za usiku au kipande cha muwa baada ya chakula.

Mwisho, tofautisha ukaidi na dalili ya shida. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akaanza ghafla kukojoa kitandani, kukataa shule, kumwogopa mtu fulani au kujitenga na wenzake hahitaji adhabu yoyote. Keti naye katika ile robo saa yake, mwambie kuwa hatapata tabu kwa lolote atakalosema, msikilize bila kumkatiza, kisha utafute msaada kwa mwalimu unayemwamini, kituo cha afya au afisa ustawi wa jamii. Namba 116, isiyotozwa malipo, hupokea simu za watoto na za wazazi wao nchini Tanzania na Kenya.