Kupima Upana wa Mfereji wa Uti wa Mgongo Shingoni

Katika hospitali nyingi za wilaya nchini Uganda hakuna mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hivyo mgonjwa mwenye ganzi mikononi ambaye ameanza kuyumba akitembea hupigwa kwanza eksirei ya shingo. Picha inayofaa kwa kupima mfereji, yaani njia ambamo ugwe mgongo (kamba ya neva) hupita, ni ya ubavuni, mabega yakiwa yameshushwa ili pingili (mfupa wa uti wa mgongo) ya 7 ionekane. Majeruhi wa bodaboda asivutwe mikono wala kugeuzwa shingo. Apigwe picha akiwa amelala chali, miale ikipita ubavuni.

Weka filamu kwenye kisanduku cha mwanga, uhesabu pingili kutoka juu, kisha uanze na ya 3. Mguu mmoja wa bikari ukae katikati ya ukuta wa nyuma wa mwili wa pingili, yaani sehemu yake nene ya mbele. Wa pili uuweke kwenye mstari mweupe uliopinda ulio kwenye shina la mwiba wa pingili hiyohiyo, mahali palipo karibu zaidi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: huupeleka mguu huo hadi ncha ya mwiba, ile inayopapasika nyuma ya shingo, wakapata upana usiokuwepo. Rudia hadi ya 7.

Kwa mtu mzima, upana wa kawaida hapo ni milimita 17 hivi. Chini ya 13 mfereji ni mwembamba, na chini ya 10 ni mwembamba mno.

Namba hizo, hata hivyo, ni za mwilini, si za kivuli kinachoonekana kwenye filamu. Bega huitenga shingo na filamu, na kivuli hukua. Tuseme shingo iko sentimita 25 kutoka kwenye filamu na bomba la eksirei liko sentimita 100: mfereji wa milimita 12 utasomeka 16, na mgonjwa atarudishwa nyumbani. Bomba likisogezwa hadi 180, utasomeka karibu 14, ambayo bado inadanganya. Kwa sababu hiyo mimi huamini zaidi uwiano: pima pia mwili wa pingili kutoka mbele hadi nyuma, kisha ugawe upana wa mfereji kwa kipimo hicho. Kwa kuwa vyote viwili vimekuzwa sawa, kosa hujifuta. Jibu la karibu 1 ni la kawaida. Chini ya 0.8 huashiria wembamba, ingawa mtu mwenye pingili nene, kama mchezaji wa raga, anaweza kupata jibu dogo ilhali mfereji wake hauna kasoro.

Eksirei haionyeshi ugwe mgongo wenyewe wala diski (gegedu kati ya pingili) iliyotokeza, kwa hiyo mwenye ganzi na kuyumba apewe rufaa ya MRI hata namba zikiwa nzuri, na barua yake itaje pingili iliyopimwa, umbali wa bomba na vipimo vyote viwili.