SOMO: Kukadiria alfa na beta bila kujidanganya

Wakuu, heshima kwenu. Swali la "mbona alfa yangu imetoka 0.99?" limejaa inboksi mpaka nimechoka. Naandika mara moja jinsi ya kupata namba hizi mbili za modeli ya kujifunza kutokana na chaguzi za watu. Atakayeuliza tena natuma linki.

Mfano: mkulima anachagua kati ya kadi mbili, moja inalipa mara nyingi kuliko nyingine. Alfa ni kasi yake ya kujifunza (0 hadi 1). Beta ni jinsi anavyoshikilia kadi anayoiona bora badala ya kubahatisha.

Hatua ya 1. Andika modeli, yaani kanuni ya jinsi mtu anavyojifunza thamani ya kadi, kwenye karatasi. Rescorla na Wagner, 1972: thamani mpya = ya zamani + alfa × (malipo − ya zamani). Beta inaingia wakati wa kuchagua: inazidishwa na tofauti ya thamani za kadi mbili kupata uwezekano wa kuchagua kila moja.

Hatua ya 2. Iandikie kodi (programu ya kompyuta) kwa lugha unayoijua, R au Python.

Hatua ya 3. Iga data kabla hujapanda basi la Makambako kuwafuata wakulima. Tunga washiriki wa bandia, kila mmoja mpe alfa na beta unazozijua wewe, wacheze raundi zile zile utakazowapa wakulima, kisha fiti modeli (kompyuta itafute alfa na beta zinazoeleza vizuri chaguzi hizo) uone kama inakurudishia ulichoweka. Tasnifu nyingi zinafia hapa. Tazama: thamani zikianzia 0 na malipo ya kwanza yakiwa pointi 1, mwenye alfa 0.1 na beta 10, na mwenye alfa 0.5 na beta 2, uchaguzi unaofuata wanaufanya kwa uwezekano ule ule, maana alfa × beta ni 1 kwa wote wawili. Raundi zikiwa chache, kompyuta inaliona jibu hilo la alfa × beta tu, haiwezi kuzitenganisha. Namba itakupa, tena yenye desimali sita, wala haikwambii kwamba imekisia.

ONYO: korelesheni (kipimo cha namba mbili kupanda na kushuka pamoja) kubwa kati ya ulichoweka na ulichopata isikutulize. Makadirio yote yanaweza kupanda kwa kiasi kile kile na korelesheni isitikisike. Chora grafu pamoja na mstari wa ulichopata = ulichoweka.

ONYO la pili: chora pia alfa iliyokadiriwa dhidi ya beta iliyokadiriwa. Wewe uliziweka bila uhusiano. Ukiuona hapo, umezaliwa na kufiti. Na ukifaulu hatua hii, bado hujathibitisha kwamba wakulima wanafikiri hivyo. Modeli imejisahihishia mtihani iliyoutunga yenyewe.

Hatua ya 4. Anzisha utafutaji wa alfa na beta sehemu nyingi tofauti, chukua jibu lenye laiklihudi (uwezekano wa modeli kutoa data hiyo) kubwa kuliko yote.

Hatua ya 5. Fiti data halisi, kisha iga kwa makadirio hayo ulinganishe na walichochagua watu.

Maswali karibuni.

Kijana wa Mwanjelwa: Mkuu nimefiti imekataa. Msaada.
Jibu: Imekataa ikisema nini? Raundi ngapi? Hatua ya 3 umefanya?
Kijana wa Mwanjelwa: Hiyo nimeruka, msimamizi anataka ripoti Ijumaa.
Jibu: Irudie.

Binti Tukuyu: Shikamoo kaka. Nikigeuza kadi katikati, iliyokuwa nzuri iwe mbaya, alfa itaonekana vizuri zaidi?
Jibu: Marahaba. Umefika penyewe. Mwenye alfa 0.5 anahama baada ya kukosa mara chache, wa 0.1 anang'ang'ania kadi ya zamani. Iga miundo yote miwili uone tofauti. Ukikwama nitumie kodi, nitaipitia.

Mzee wa Data: Wakulima wangu wanachoka, nina raundi 40 tu kila mmoja.
Jibu: Tumia modeli ya ngazi (mtu ndani ya kundi) kwenye Stan, programu ya takwimu, kila mtu aazime taarifa kwa kundi. R-hat, kipimo cha kama minyororo ya Stan imekubaliana, iwe chini ya 1.01. Ila makadirio ya mtu mmoja mmoja yatavutwa kuelekea wastani wa kundi, kwa hiyo usiyachukue ukayafanyie jaribio la t (la kulinganisha wastani wa makundi mawili) kama data mbichi. Tofauti za makundi ziweke ndani ya modeli.

Mafinga2: Lamda ya hofu ya hasara, yaani hasara inauma mara ngapi kuliko faida, naweka 2.25?
Jibu: Hiyo ni mediani ya washiriki wa Tversky na Kahneman, 1992. Wako hawakuwemo. Kadiria yako, na lazima uwe na bahati nasibu zenye faida na hasara pamoja.

Binti Tukuyu: Nyongeza: badilisheni upande wa kadi kila raundi. Kuna watu wanabonyeza kulia tu mpaka mwisho.
Mzee wa Data: Na msiende msimu wa kuvuna viazi. Atabonyeza chochote ili arudi shambani.