Kurejesha Butanoli Kutoka Masalio Mazito ya Mnara wa Kukenekea

Kiwanda kinachotengeneza butanoli, alkoholi inayotumika kama kiyeyushi, kwa mchakato wa okso (kuunganisha alkeni na kaboni monoksidi na hidrojeni), uliogunduliwa na Otto Roelen nchini Ujerumani mwaka 1938, hubaki na mafuta mazito ya rangi ya kahawia chini ya mnara wa kukenekea. Wengi huyachoma tanurini, na huo ni ubadhirifu, kwa kuwa ndani yake alkoholi zimefungwa katika esta na asetali, yaani misombo ambamo alkoholi imeungana na asidi au na aldehidi.

Anza na maabara. Pima kiasi cha esta kwa kuchemsha sampuli pamoja na potasi kali, kisha pima salfa na klorini, ambazo huua kichocheo cha shaba kitakachotumika baadaye kuzivunja esta kwa hidrojeni. Masalio yaliyojaa etha (alkoholi mbili zilizoungana) hayafai kuhangaikiwa, kwani etha hazivunjiki kwa urahisi.

Kenekea masalio katika ombwe ili lami na chumvi zibaki nyuma. Ondoa hewa yote mtamboni kwa naitrojeni kabla ya kuingiza hidrojeni, maana gesi hiyo huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa. Pitisha mvuke au kimiminika kilichokenekwa, pamoja na hidrojeni, juu ya kichocheo hicho, yaani kromaiti ya shaba, kwa kawaida kwenye nyuzi joto 200 hadi 250 na shinikizo la baa 200 au zaidi. Molekuli moja ya butili butireti hutumia mbili za hidrojeni na kutoa mbili za butanoli. Asetali huhitaji pia maji kidogo ili zivunjike.

Mwishowe kenekea tena, ukikusanya butanoli inayochemka karibu na nyuzi 118.