Barua za kurutu wa keya: anza na bahasha

Ukikuta kwenye sanduku la babu barua alizotuma nyumbani akiwa kurutu wa King's African Rifles (KAR), yaani keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa Vita Kuu ya Pili, usitupe bahasha. Barua yenyewe mara nyingi haitaji kambi wala nchi, maana wakaguzi wa jeshi hawakuruhusu. Palipokatwa au kupakwa wino mweusi, pengine palikuwa na jina la mahali.

Tafuta muhuri wenye herufi A.P.O. na namba. Hiyo ni namba ya posta ya jeshi, si ya mji, na posta hizo zilihamahama pamoja na vikosi. Namba bila tarehe haikufikishi popote. Tarehe huanza na siku, kisha mwezi. Ilinganishe na safari za keya: Madagaska 1942, Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwa mazoezi, halafu Burma (Myanmar ya leo) 1944. Nakili pia namba ya askari, pamoja na herufi zake zote. Majina yalifanana, na makarani waliyaandika walivyoyasikia.

Mwandiko ukibadilika kati ya barua na barua, usidhani ni mtu mwingine. Asiyejua kuandika aliandikiwa na mwenzake. Salamu zitajaza nusu ukurasa. Pita polepole hadi "ama baada ya salamu", ndipo utakuta habari za mshahara uliokatwa kupelekwa nyumbani, ng'ombe na mke. Unaponakili, acha Kiswahili kama kilivyo. Ki-KAR, lugha ya kambini, hakikujali sana ngeli, na ukikisahihisha umefuta sauti ya mwenyewe.

Kwa karatasi, osha mikono na uikaushe vizuri. Usitie maji hata kidogo: baadhi ya penseli za enzi hizo zilikuwa za rangi, zikilowa hugeuka zambarau na kusambaa. Maandishi yaliyofifia yapige picha karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, bila flashi. Alama za ncha ya kalamu zitajitokeza. Ukiwa na skana, weka dpi 600, kwa rangi, pande zote mbili, bahasha nayo.

Selotepu ni marufuku, gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Kulaminisha ni kubaya zaidi, hakuondoleki. Nailoni nayo hufungia unyevu ukungu ukaota, hasa pwani. Tumia bahasha safi za karatasi ndani ya boksi, kwenye kabati la chumba cha kati, mbali na joto la mabati na mchwa wa sakafuni.