Kufungua Barua Pepe Yenye Shaka: Hatari Iko Wapi Hasa?

Kusoma tu barua pepe unayoitilia shaka, katika programu iliyosasishwa, ni nadra kuambukiza kompyuta. Hatari kubwa huanza unapobofya kiungo au kufungua faili lililoambatishwa. Kirusi cha ILOVEYOU, kilichoenea duniani Mei 2000, kilingoja mtu afungue faili lililoonekana kama LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT, ilhali mwishoni lilikuwa na herufi .vbs, alama ya faili la programu, ambazo Windows ilizificha, na wengi wakaamini ni maandishi ya kawaida. Hata hivyo usipuuze masasisho, kwani Machi 2023 Microsoft ilirekebisha udhaifu wa Outlook, programu yake ya barua pepe, uliomwezesha mshambuliaji kuiba taarifa za kuingilia kabla barua haijafunguliwa.

Ikiwa umeifungua tu, ifute, na uzuie picha zisijipakie zenyewe, maana humjulisha mtumaji kwamba anwani yako inatumika. Ikiwa ulibofya kiungo ukaandika nywila, ibadilishe mara moja kwa kutumia kifaa kingine. Ikiwa ulifungua faili, katiza intaneti kwanza, ndipo uchunguze kompyuta yote kwa programu ya kuzuia virusi. Kama ni kompyuta ya ofisi, mweleze fundi wenu papo hapo bila kuona haya, kwa sababu huenda barua kama hiyo imeshawafikia wenzako kwa jina lako.